Ukisaini mkataba wa "kwetu tu", umeuza machungwa au mchungwa?

Wakulima wa machungwa Handeni wanaijua biashara hii. Mnunuzi anakuja shambani, analipa matunda yakiwa bado mtini. Msimu ukiisha, mti unabaki wa mkulima, na mwakani anamuuzia anayemtaka.

Waandishi wengi wanauza mti bila kujua.

Chukua soko la michezo ya kuigiza ya mezani, kama Dungeons & Dragons ya Marekani. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanacheza wahusika, dadu inaamua nani kapona. Michezo hii inahitaji vitabu vya visa, na vingi vinaandikwa na waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa idadi ya maneno. Kijana wa Korogwe mwenye intaneti na Kiingereza kizuri anaweza kuingia humo, tena akiwa na hadithi za Kizigua na Kisambaa ambazo Wamarekani hawajawahi kuzisikia.

Shida ipo kwenye kipengele cha "kwetu tu".

Mfano ni DMs Guild, duka la mtandaoni lililofunguliwa 2016. Linakuruhusu kuandika visa ndani ya ulimwengu wa Dungeons & Dragons na kuviuza. Unapata asilimia 50 ya bei. Lakini kazi ukishaiweka pale, huruhusiwi kuiuza kwingine, na waandishi wenzako wa duka hilo wanaweza kutumia ulichobuni. Kwa kisa kinachotegemea majina na miji ya mwenye mchezo, dili hilo si baya, maana bila ruhusa yake usingekiuza kabisa. Ila ukimpeleka humo shujaa uliyembuni mwenyewe kutokana na simulizi za bibi, umemfungia kwenye nyumba ya mtu.

Duka lingine, DriveThruRPG, limeuweka upekee kwenye mizani: anayeuza kwao tu hupata asilimia 70, anayeuza na kwingine asilimia 65. Kwa kitabu cha dola 10, kujifunga kunakuongezea senti 50. Piga hesabu mwenyewe kama zinatosha.

Halafu kuna kufungwa wewe mwenyewe, siyo kazi yako. Mkataba unasema kwa muda fulani usimwandikie mshindani. Kwa mwajiriwa mwenye mshahara hilo linaeleweka. Kwa kibarua wa kalamu anayesubiri kazi miezi mitatu, ni njaa. Bongo tumeyaona haya kwenye muziki: Harmonize alipoondoka WCB Wasafi 2019, alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa Sh500 milioni. Yeye alikuwa na nyumba za kuuza. Mwandishi anauza nini?

Kwa hiyo kabla ya kusaini, tafuta kilichofungwa: ni maandishi haya tu, ni wahusika na ulimwengu wao, au ni mkono wako? Kisha tafuta muda. "Mwaka mmoja tangu kuchapishwa, kisha haki zinarudi kwa mwandishi" ni sentensi ya kawaida kabisa, na mchapishaji hakasiriki ukiiomba. Kama muda haukutajwa, au imeandikwa "daima", kumbuka kwamba Tanzania hakimiliki hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Wajukuu wako nao wamo kwenye huo mkataba.

Angalia pia ni sheria ya nchi gani inatawala mkataba. Kampuni ya Marekani kwa kawaida huandika ya kwao, na hakuna atakayekulipia nauli ya kwenda kudai kule.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasimamiwa na COSOTA, na kazi unaweza kuisajili kwao. Isajili kabla hujaituma kwa mtu. Hadithi ya bibi unayoipenda kuliko zote usianze nayo. Mteja wa kwanza mwandikie kisa kingine.