Seng'enge hununuliwa mjini, mpaka huwekwa na majirani

Kila asubuhi katika Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, malori yaliyoingia na saruji na nondo hupishana na mikokoteni inayotoka na bidhaa za rejareja. Huku ni ukuta wa kiwanda wenye vipande vya chupa juu, kule ni geti la chuma na zamu, kama Warundi wanavyomwita mlinzi, ameketi kando yake. Hapa mpaka wa mali hauna utata. Ukuta unaonekana na mlinzi yupo.

Baadhi ya mizigo inayotoka mjini huelekea vilimani: mabati, misumari, mikebe ya rangi na roli za seng'enge. Mnunuzi mara nyingi ni mfanyabiashara aliyepata faida yake mpakani, kwa kuuza dagaa, mchele, vitenge au mafuta ya mawese, na sasa amenunua kipande cha shamba kijijini. Kwa kuwa siku nyingi yuko safarini, anataka kukizungushia uzio. Anataka shamba lake liwe kama kiwanda: ukuta, geti na mlinzi.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Seng'enge huzuia mbuzi, na pengine mwizi wa ndizi. Haiwezi kumzuia mtu anayesema kwamba ardhi ni yake. Mtu huyo huzuiwa na vitu viwili tu: ushahidi wa majirani na karatasi iliyoandikwa jina sahihi. Mwenye shamba akianza na waya kabla ya hayo mawili, anaweza kuwa amezungushia kesi.

Uzio unaoota

Vilima vya Burundi vilikuwa na mipaka kabla ya duka la kwanza la seng'enge kufunguliwa. Mmea unaojulikana zaidi ni umuyenzi, ambao Waswahili huuita mnyaa. Hupandwa kwa kukata kijiti na kukichomeka ardhini, huvumilia ukame, na mbuzi hawaugusi. Ukivunjwa hutoa utomvu mweupe unaochoma ngozi, na ukiingia machoni unaweza kumfanya mtu asione kwa muda. Mwizi anayeujua hapiti katikati yake gizani. Pia kuna umurinzi, mti wa maua mekundu ambao jina lake kwa Kirundi ni mlinzi.

Nchi jirani nazo zina mimea yao. Wachaga wa Kilimanjaro hupanda sale mpakani, na jani hilohilo hupelekwa kwa aliyekosewa kuombea msamaha. Waganda wana oluwaanyi, mmea wa jamii moja na sale. Sehemu nyingi za Tanzania hutumia mkonge na mbono, na Kenya michongoma iliyopandwa kwa kubanana hufanya kazi ya ukuta.

Faida ya mimea hii haiko kwenye miiba na utomvu peke yake. Nguzo ya mkaratusi huliwa na mchwa, na waya unaweza kung'olewa na kusogezwa usiku mmoja. Mti wa miaka 20 hausogei, na shina lake linaeleza lilipandwa lini hata baada ya aliyelipanda kufariki. Ndiyo maana kesi ya shamba inapofika kwa wazee, mara nyingi huanza kwa kutembea: miti iko wapi, makaburi yako wapi, na nani alikuwepo siku ya kupanda.

Burundi, kazi hiyo ilikuwa ya bashingantahe, wazee waliosimikwa mbele ya jamii ili kusuluhisha migogoro. Walipita mpakani pamoja na pande zote mbili, majirani wakishuhudia.

Kwa nini jambo hili ni zito

Burundi ina kilomita za mraba 27,834 tu, na watu wengi huishi kwa jembe. Familia nyingi hulima eneo lisilofika hekta moja. Shamba likiwa dogo kiasi hicho, mtaro mmoja ukisogezwa hatua mbili, familia imepoteza chakula cha wiki kadhaa.

Historia imeongeza uzito. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwafanya Warundi wengi wakimbilie Tanzania, ambako waliishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nyuma yao, hasa katika Imbo ya kusini kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, mashamba yaliingia mikononi mwa watu wengine. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vikawakimbiza wengine tena. Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 wakimbizi walianza kurejea kwa wingi, na wengi walikuta familia nyingine imejenga, imezaa na imezika pale walipopaacha. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, kushughulikia madai hayo.

Kwa mfanyabiashara anayenunua shamba leo, fundisho liko wazi. Anayeuza anaweza kuwa mkweli na bado akawa anauza kitu chenye mdai mwingine. Swali la kwanza si bei wala ukubwa. Ni hili: kabla yako alikuwa nani hapa, na kabla yake?

Kutoka mti hadi karatasi

Sheria ya ardhi ya Burundi ya tarehe 9 Agosti 2011 ilifungua njia ya katikati kati ya mti wa mpakani na hati kamili ya mpimaji. Tarafa ziliruhusiwa kuwa na ofisi za ardhi zinazotoa cheti cha ardhi kwa mashamba yanayomilikiwa kimila. Mwombaji hupeleka ombi, ombi hutangazwa, kisha kamati hufika shambani na kutambua mipaka mbele ya majirani. Mwenye pingamizi hupewa nafasi ya kusema. Kwa hiyo karatasi yenyewe huzaliwa kutokana na matembezi yaleyale ya wazee.

Aliye na cheti au mkataba wa zamani ana jambo moja la kukumbuka. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Karatasi nyingi zilizopo zinataja tarafa zilizounganishwa na nyingine. Ni busara kuuliza katika tarafa mpya daftari la zamani limehamishiwa wapi, kabla haijatokea haja ya kulitafuta kwa haraka.

Majirani wamepita njia tofauti kufika palepale. Rwanda, kati ya 2009 na 2013, iliandikisha vipande zaidi ya milioni 10 kwa kutumia picha za angani, huku wenye mashamba na majirani wakionyesha mipaka kwa vidole. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hutoa hatimiliki ya kimila kupitia kijiji. Kongo, kwa sheria ya 1973, ardhi yote ni ya serikali na mtu hupewa haki ya kuitumia, ingawa mashambani neno la chifu bado lina nguvu.

Hata nchi zenyewe hufanya hivyo. Mwaka 2014 marais wa Tanzania na Burundi walikutana mpakani upande wa Ngara kuzindua alama za mpaka wa mataifa yao, baada ya wataalamu wa pande zote kuupitia upya. Kama mataifa mawili rafiki yanaona haja ya kuhakiki mawe yao, mwenye robo hekta hana sababu ya kuona haya kumwita jirani.

Mwanamke na soko la pamoja

Wengi wa wanaovuka Gatumba, Kobero na Mugina na mizigo midogo ni wanawake. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi inayomhakikishia binti sehemu sawa ya ardhi. Kwa mila binti anaweza kupewa igiseke, kipande cha kulima, lakini kukilima si kukimiliki. Kwa hiyo mwanamke anayenunua shamba kwa fedha zake ana sababu kubwa kuliko mwingine yeyote ya kuhakikisha jina lake limo kwenye mkataba na kwenye cheti. Akiacha liandikwe jina la kaka au la mume peke yake, hakuna umuyenzi utakaomtetea akifiwa au akiachwa.

La pili linawahusu wote wanaodhani soko la pamoja limefungua kila kitu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu bidhaa, mitaji na watu kuvuka, lakini kuhusu ardhi kifungu cha 15 kinaacha mambo kwa sera na sheria za kila nchi. Tanzania haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia taratibu zake. Kenya humpa ya kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Anayenunua shamba ng'ambo kwa kutumia jina la rafiki amempa rafiki shamba.

Kabla ya kununua roli la kwanza

Utaratibu wa busara ni mfupi. Tembea mpakani mchana pamoja na muuzaji na majirani wa pande zote, si wa upande mmoja. Uliza kuhusu njia ya ng'ombe na njia ya kwenda mtoni. Ukizifunga kwa seng'enge, waya utakatwa, na atakayeukata ataungwa mkono na kilima kizima. Andikeni makubaliano, majirani waweke sahihi au dole gumba. Peleka ombi la cheti. Panda miti siku hiyohiyo mbele ya mashahidi. Baada ya hapo ndipo nguzo na waya vifuate, vikiwekwa ndani kidogo ya mstari wa miti ili jirani asilalamike.

Anayesafiri miezi mingi aongeze mambo mawili. La kwanza ni kibao. Miji mingi ya kanda hii ina kuta zilizoandikwa kwa rangi kwamba eneo haliuzwi, kwa sababu matapeli huuza hata nyumba yenye watu. Mkebe wa rangi ni nafuu kuliko wakili. La pili ni shamba lenyewe kuonekana lina mwenyewe. Muhogo uliopaliliwa na mpaka uliofyekwa kila msimu humwambia mpita njia kwamba mwenye mali yupo karibu, hata kama wiki hiyo yuko Kigoma au Uvira.

Na anaporudi, kabla ya kufungua geti lake, apitie kwa jirani na kilo ya sukari. Jirani huyo ndiye aliyeona nani alisimama mpakani akihesabu hatua.