Kutunza Jumba la Sinema, Masika na Kiangazi



Leo nataka tuzungumze juu ya jengo ambalo wengi wetu tumeliingia kwa furaha, lakini ni wachache waliolitazama kwa akili. Nalo ni jumba la sinema. Mtu akiisha lipa kiingilio chake hutazama picha. Hatazami dari iliyo juu ya kichwa chake, wala haulizi mlango wa nyuma u wapi. Yafaa aulize. Watu mia kadhaa wakiketi gizani chini ya paa moja, uhai wao umo mikononi mwa yule aliyelitunza jengo lile, au asiyelitunza.

Jumba la sinema lina maadui wawili: moto na maji. Moto huja ghafula, na kila mtu huuogopa. Maji huja pole pole, mwaka hata mwaka, wala hakuna ayapigiaye kelele. Chukueni mfano wa Unguja. Katika miaka ya 1920 lilijengwa mtaa wa Vuga jumba la sinema lililoitwa Royal, na baadaye likaitwa Majestic. Katika miaka ya 1950 liliungua, likajengwa upya mwaka 1955. Jumba lile jipya halikuhitaji moto ili liharibike. Lilipokwisha kuachwa bila matengenezo, paa la ukumbi liliporomoka, ukumbi ukabaki wazi kwa jua na mvua.

Kwanza tufahamu kwa nini jumba la namna hii hudhurika upesi kuliko nyumba ya kukaa. Nyumba zetu zina vyumba, na kila ukuta wa katikati husaidia kubeba paa. Ukumbi wa sinema hauna kuta za katikati wala nguzo, kwa maana nguzo ingewazuia watu kuona picha. Basi boriti zake ni ndefu sana, nazo hushikwa na kuta za pembeni tu.

Wanafunzi, fanyeni hesabu hii. Paa la sakafu lina urefu wa meta 20 na upana wa meta 10. Mfereji wake umezibwa na majani makavu, na maji ya mvua yamesimama juu yake kina cha sentimeta 5. Je, uzito wake ni nini? Paa zima ni meta za mraba 200. Kila meta moja ya mraba imebeba lita 50, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Jawabu ni kilo 10,000, yaani tani 10. Ni kana kwamba lori lenye shehena limesimama juu ya vichwa vya watazamaji, na sababu yake ni konzi ya majani ambayo mtoto angeweza kuyazoa.

Jambo hili si la kubuni. Huko Washington, Marekani, hakuna masika kama yetu, bali theluji huanguka wakati wa baridi. Na theluji nayo ni maji, ina uzito. Usiku wa tarehe 28 Januari 1922 theluji nyingi ilikuwa imelala juu ya paa la jumba la Knickerbocker, ambalo halikuwa na mteremko. Watu wakiwa wameketi wakitazama, paa liliwaangukia, wakafa 98.

Basi kwetu sisi wa pwani kazi ya kwanza hufanywa mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika. Mtunzaji apande juu ya paa mwenyewe, asitosheke na habari za kuambiwa. Azoe majani na viota vya kunguru. Kisha amimine ndoo ya maji katika kila mfereji, aone kama yanatoka chini. Paa likiwa la mabati, atazame misumari iliyolegea na matundu ya kutu, kwani upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Halafu apande darini na taa, achome boriti kwa kisu pale ziingiapo ukutani, maana hapo ndipo maji hujificha. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, boriti hiyo imeoza, na kuipaka rangi ni kujidanganya. Vile vile atazame njia za udongo za mchwa ukutani. Akiziona asizifute tu, bali azifuate mpaka ajue ziendako.

Mvua zikiisha anza, kazi haijaisha. Kila doa la maji darini lizungushiwe mstari wa penseli. Mvua ya pili ikinyesha, na doa likavuka mstari, mvujo ungali upo, hata kama fundi amekwisha lipwa. Doa likiwa karibu na waya wa umeme, umeme wa upande ule ukatwe mara moja, na onyesho la jioni lingoje.

Kiangazi ndicho kipindi cha kuponya kuta. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na kwa chokaa zitengenezwe. Saruji huonekana ngumu na nzuri, lakini huufungia unyevu ndani ya ukuta, na baada ya miaka michache plasta hubanduka pamoja na mawe yaliyolainika.

Sasa nije kwenye milango, na hapa naomba mnisikilize sana. Nilipokuwa ningali mwalimu kijana niliwapeleka wanafunzi wangu mjini kutazama picha, nao ulikuwa mwezi wa Aprili. Kabla ya taa kuzimwa nilikwenda kuujaribu mlango wa nyuma. Niliusukuma kwa mkono, nikausukuma kwa bega, haukutikisika. Mngoja mlango akaniambia kwa upole, “Mwalimu, mlango huo haufunguki mpaka mvua zikome.” Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu, na komeo lilikuwa limeshikwa na kutu. Niliwatoa wanafunzi wangu, tukarudi chuoni bila kuona picha. Walininunia siku mbili. Sikujuta.

Kwa nini sikujuta? Kwa sababu ya habari za mji wa Paisley, Scotland. Tarehe 31 Desemba 1929 watoto wengi walikuwa katika jumba la Glen wakitazama picha mchana. Mkanda mmoja uliokuwa ndani ya kopo ulianza kutoa moshi. Watoto waliogopa, wakakimbilia mlango wa nyuma, wakakuta geti la chuma limefungwa. Walikufa watoto 71. Hawakuunguzwa na moto. Walikanyagana na kukosa pumzi.

Mikanda ya siku zile ilifanywa kwa nitrati, nayo huwaka kwa ukali hata chini ya maji, kwa sababu ina oksijeni yake yenyewe. Ndiyo maana Uingereza ilitunga sheria mwaka 1909 kwamba mashine ya picha iwekwe katika chumba chake peke yake kisichoshika moto. Baada ya miaka ya 1950 mikanda ile iliachwa, na siku hizi majumba mengi hayatumii mkanda kabisa. Lakini mtu asiseme kwamba hatari imekwisha. Mjini Delhi, India, tarehe 13 Juni 1997, moto uliotoka katika transfoma ya umeme uliujaza moshi ukumbi wa Uphaar. Wengi hawakupata njia ya kutoka, wakafa watu 59. Mkanda haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la umeme usiotunzwa na njia zilizozibwa.

Kwa hiyo milango yote ya kutokea ifunguke kwa nje, ili umati usukumapo uifungue badala ya kuifunga. Bawaba na makomeo yapakwe mafuta kila mwezi. Mbao zirandwe kabla ya masika, na mlango ujaribiwe tena mvua zinaponyesha, kwa maana mlango uliofunguka Januari si ushahidi wa mwezi wa Aprili. Na mtu asiweke kiti, wala kreti la soda, katika njia ya kutokea, hata kwa dakika moja.

Majumba mengi ya zamani ya sinema katika miji yetu ya pwani yamefungwa au yamegeuzwa kazi nyingine. Lakini ukumbi ni ukumbi. Maneno haya ni ya shule, ya kanisa, ya nyumba ya arusi, na ya kila mahali ambapo watu wengi huketi chini ya paa moja.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba yako mwenyewe ni kweli. Lakini ufa wa jumba la watu wengi hauna huruma hiyo. Alipaye si mwenye ukuta, bali ni yule aliyeketi chini yake, naye pengine ni mtoto wako. Basi siku mtakapoingia ukumbini, kabla ya kuketi, tazameni darini, tafuteni milango miwili iliyo karibu, na mwombeni mngoja mlango aifungue mbele yenu. Akicheka, mwacheni acheke. Mlango ukikataa, rudini nyumbani.