Kwa nini malaria humlaza mtoto mmoja na kumsaza nduguye?

WAZAZI wengi wa Kilifi wameyashuhudia haya. Ndugu wawili wanaolala kitanda kimoja hushikwa na malaria wiki moja. Mmoja hupata homa ya siku mbili, kisha akarejea mchezoni. Mwenzake hupatwa na degedege, akapoteza fahamu na kukimbizwa hospitalini. Hapo hakosi jirani wa kunong'ona kwamba pana mkono wa mtu.

Jawabu la wataalamu ni tofauti. Sehemu yake imo katika damu ya mtoto, na sehemu nyingine imo katika kimelea chenyewe.

Kimelea hicho, Plasmodium falciparum, kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hupachika protini juu ya utando wake. Kwa protini hizo chembe hunata kwenye kuta za mishipa, isipelekwe kwenye wengu ikaangamizwa. Kimelea kimoja kina jeni zipatazo 60 za kutengenezea protini za namna hiyo, nacho huzibadilisha kama mwizi abadilishaye kanzu kila mtaa. Baadhi ya aina hizo hunata katika mishipa midogo ya ubongo, na ndizo zinazohusishwa na malaria ya ubongo. Mtoto aliyekwisha kuugua mara kadhaa huwa amezizoea aina nyingi; mchanga hana silaha hiyo.

Lakini kuna silaha ya kuzaliwa nayo. Mnamo 1954, Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba jeni ya selimundu hukinga dhidi ya malaria. Alikuwa ametambua kuwa jeni hiyo ni nyingi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ila ni adimu nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu wa malaria ni wachache. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa kimelea hakistawi vyema katika damu yake. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe, na kwake malaria ni tishio kubwa zaidi. Kinga ya mmoja, basi, hulipiwa na mwingine.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kimelea hakina la kufanya mbele ya kinga hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulibadilisha dhana hiyo. Wanasayansi walichunguza jeni za watoto 3,346 wa Gambia na Kenya waliougua malaria kali, pamoja na jeni za vimelea vilivyowaambukiza. Watoto wachache waliokuwa na jeni moja ya selimundu na bado wakazidiwa, karibu wote walikuwa wameambukizwa vimelea vyenye mabadiliko maalumu katika sehemu tatu za jeni zao. Dhidi ya vimelea hivyo, ngao ya selimundu hudhoofika mno.

Wingi wa vimelea hivyo hutofautiana sana baina ya nchi na nchi barani Afrika, na hakuna mzazi awezaye kujua ni aina ipi iliyoletwa na mbu wa usiku. Kwa hivyo, mama aliyeambiwa kliniki kuwa mwanawe ana jeni moja ya selimundu hana ruhusa ya kungoja: homa ya mtoto huyo nayo hupimwa siku ileile.