Utani Kaburini: Mchungaji Akemee au Acheke?

Mchungaji anayeongoza maziko Nyasubi na katika viunga vingine vya Kahama hukutana na jambo ambalo kitabu cha ibada hakikulitaja. Jeneza linaposubiri kushushwa, mtani wa marehemu huruka kaburini, akajilaza na kutangaza kwamba nyumba hii ni yake, wala hatoki mpaka apewe chochote. Mwingine huvaa kofia ya marehemu, huiga mwendo wake na kumkaripia kwa kukimbia madeni. Waliokuwa wakilia hucheka. Je, hiyo ni dharau kwa marehemu na kwa Neno la Mungu? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu halipatikani kwa kukemea tu.

Utani wa makabila una mizizi mirefu. Asili yake huhusishwa na vita vya kale na misafara ya karne ya 19, wakati wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walipopita katika nchi za wengine wakielekea Bagamoyo. R. E. Moreau aliuandikia uchunguzi wake mwaka 1944. Mtani hakuwa mchekeshaji tu. Alipaswa kuchimba kaburi na kushughulikia maiti, kazi ambazo wafiwa hawakuwa na nguvu ya kuzifanya. Haki ya kudhihaki ilitokana na wajibu huo. Nasi tulio katika ukanda wa dhahabu, ambako machimbo yamekusanya watu wa makabila mengi, hatukosi watani.

Wala Maandiko hayaoni haya kukicheka kifo. Isaya 14 ni wimbo wa dhihaka: kuzimu yote inaamka kumlaki mfalme wa Babeli, naye aliyejivuna anatandikiwa funza. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anakihoji kifo kama mtu anayemzomea adui aliyenyang'anywa silaha. Luther naye, katika wimbo wake wa Pasaka wa mwaka 1524, anaimba kwamba kifo kimekuwa kitu cha kuchekwa.

Hata hivyo hatuna budi kutofautisha. Marehemu Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2010, aliimba juu ya kifo katika kumbi za dansi, na watu wakacheza huku wakikumbushwa kufa kwao. Nyimbo na utani wa namna hiyo hutufundisha kweli moja: kifo hakichagui tajiri wala maskini. Lakini kweli hiyo peke yake humwacha kifo akiwa mfalme. Injili huongeza neno ambalo mtani hawezi kulisema kwa uwezo wake, kwamba mfalme huyo amekwisha kupinduliwa na Kristo aliyefufuka.

Tunapendekeza maswali matatu ya kuupima utani. Kwanza, nani anachekwa? Kikichekwa kifo, au majivuno yetu, ni vema. Lakini asiwepo wa kutania juu ya mahali ilipo roho ya marehemu, kwa maana hukumu ni ya Mungu. Pili, nani analipa? Mjane asikamuliwe fedha za chakula cha watoto kwa jina la mila. Tatu, kicheko kinafunika nini? Mwezi Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Wengi wa wanaofukiwa machimboni hawatoki. Pale ambapo uzembe umeua, au mtoto amelala jenezani, kicheko kinyamaze na maswali yaulizwe.

Kwa hiyo mchungaji azungumze na familia na watani mapema, usiku wa matanga. Awape nafasi yao kabla ya ibada kuanza. Tangu sala ya kwanza kaburini, neno liwe la Bwana. Akimfukuza mtani, atamwondoa mtu aliyechimba kaburi kwa mikono yake, na pengine ndiye pekee aliyemfanya mfiwa ainue uso siku ile. Uso huo ulioinuliwa ndio unaoweza kulisikia neno la ufufuo. Basi mchungaji asikose kulisema.