Ramani ya Njia za Matatu: Wakazi wa Kiritiri Waweza Kuianzisha Wenyewe

Abiria anayeshuka Kiritiri kwa mara ya kwanza, akielekea Kiambere, hana budi kuuliza. Ataulizia gari linakosimama, nauli ni pesa ngapi na kama kuna gari la kurudi jioni. Akielekezwa vibaya, hulipa zaidi au hukwama njiani. Ramani nyingi za simu humwonyesha barabara, lakini hazimwambii gari lipi hupita wapi.

Pengo hilo laweza kuzibwa na wakazi wachache kwa tovuti ndogo ya ramani ya njia, wakiijenga jioni na wikendi baada ya kazi zao za kila siku.

Mifano ya Nairobi

Mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, pamoja na kampuni ya Groupshot, katika mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi kila kituo. Walikusanya zaidi ya njia 130. Ramani ilitolewa bure kwa umma mwaka 2014, na mwaka 2015 njia hizo zikaingia kwenye Google Maps.

Mradi huo ulikuwa na watafiti na wafadhili, lakini kazi ya aina hii huweza kuanza kwa uchache zaidi. OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, ilianzishwa mwaka 2004 na Steve Coast, aliyekuwa mwanafunzi jijini London. Mwaka 2009, vijana wa Kibera waliitumia kuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulionekana kama mahali patupu.

Kuanza na njia moja

Ni vyema kuanza na njia moja inayojulikana vizuri, kwa mfano Kiritiri hadi Embu kupitia Gachoka. Hatua ni hizi:

1. Kupanda gari ukiwa na simu yenye programu ya kurekodi safari, kama OsmAnd. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti, hivyo kurekodi hakuhitaji bando.
2. Kuweka alama kila gari linaposimama, na kuandika jina ambalo makanga na abiria hulitumia. Jina hilo ndilo mgeni atakalolisikia stejini.
3. Kurudia safari siku nyingine, hasa siku ya soko, kwa kuwa magari huweza kubadilisha mahali pa kusimama.
4. Kuonyesha ramani kwa madereva na wahudumu wa boda boda kabla ya kuichapisha.
5. Kuiweka kwenye tovuti nyepesi. Programu huria ya Leaflet haina malipo, na michoro ya OpenStreetMap inaruhusiwa kutumika mradi chanzo kitajwe. Gharama zinazobaki ni jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi.

Nakala ya karatasi inaweza kubandikwa stejini kwa ajili ya wasio na simu za intaneti.

Makosa ya kuepuka

Kiritiri iko karibu nyuzi 0.7 kusini mwa ikweta. Kwenye kompyuta, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahaulika, steji ya Kiritiri itaonekana kaskazini mwa ikweta, karibu na Archers Post huko Samburu, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Kila kituo kikaguliwe kwa macho kwenye ramani.

Kosa la pili ni kuweka saa za kuondoka. Mfumo wa GTFS, unaotumiwa na miji mingi duniani kupanga habari za usafiri, ulibuniwa kwa mabasi yenye ratiba. Watu wa Digital Matatus walilazimika kuurekebisha, kwa sababu matatu huondoka likijaa. Ni afadhali kuandika kwamba magari ni mengi asubuhi na huadimika jioni kuliko kutaja saa isiyofuatwa.

Kosa la tatu ni la hatari zaidi. Mbeere Kusini ina mito ya msimu inayokata barabara za udongo wakati wa mvua. Ramani inayoonyesha njia ya mkato bila kutaja kivuko inaweza kumfikisha mtu mwenye mgonjwa kwenye maji yaliyofurika usiku. Kila kivuko cha aina hiyo kiwekewe alama na onyo. Ramani pia iandikwe tarehe ya mwisho ya kukaguliwa, na iwe na njia rahisi ya msomaji kuripoti kosa. Ikiwa hakuna wa kuikagua njia fulani, ni heri iondolewe.

Sheria na wahusika

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu binafsi. Ramani ionyeshe steji, vituo, shule, hospitali na masoko. Isionyeshe nyumba ya mtu, wala namba ya simu ya mhudumu wa boda boda bila idhini yake.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, barabara za kaunti na usafiri wa umma wa barabarani ni majukumu ya kaunti. Kwa hiyo ramani ya wakazi ina faida nyingine: katika vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti, badala ya kusema tu kwamba barabara ni mbaya, wakazi wa wadi wanaweza kuonyesha kivuko kipi hufungwa na mvua, na magari ya vijiji vipi hukwama kikifungwa.