Msamaha ni wa Bure, Shamba Lirudi

Tuchukue mtu wa Rangwi. Jina hana, maana nimemtunga ili tufundishane naye. Ana shamba la viazi kwenye mteremko, na chini yake kuna shamba la mama mjane. Miaka kadhaa iliyopita, mume wa yule mama akiwa amelazwa hospitali, jamaa alisogeza mstari wa masale ya mpaka hatua mbili kushuka. Msimu uliofuata akaongeza ya tatu. Asiyeijua Usambara atasema hatua tatu ni kitu gani. Huku juu watu wamelima hadi kwenye miamba, na kijana anaposa huku hajui atajenga wapi. Hatua tatu kwa urefu wote wa shamba ni magunia ya viazi kila mavuno. Ni ada ya mtoto.

Sasa ni Kwaresima. Padre anazunguka vigangoni kuungamisha kabla ya Pasaka, na mtu wetu yuko kwenye foleni, kofia mkononi, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi. Atapiga magoti, atasema aliyoyatenda, atapewa maondoleo. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo waumini huliuliza kwa namna nyingi: Mungu amemsamehe kweli? Na kama amemsamehe, shamba je?

Nachagua Rangwi kwa sababu mafundisho mawili makubwa ya Kikristo kuhusu dhambi yanakaa jirani huku. Rangwi yenyewe ni kata ya Wilaya ya Lushoto, na wengi wanaijua kwa misheni ya Kikatoliki na nyumba ya masista, ambako watalii wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae hulala usiku mmoja. Ukatoliki uliingia milima hii na Watrapisti waliojenga Gare mwaka 1897. Mlalo, upande wa pili wa safu hizo hizo, ndiko wamisionari Wajerumani Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walikoanzisha kituo mwaka 1891, na kutoka hapo Ulutheri ukaenea hadi Vuga, Bumbuli na kwingine. Kati yao wako Waislamu, ambao ni wengi kuliko wote wilayani. Ukoo mmoja unaweza kuwa na padre, mwinjilisti na sheikh, na wote wakakaa jamvi moja msibani.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Akiungama kwa moyo, amesamehewa, na hakulipa chochote. Makanisa yote mawili yanakubaliana hapo. Mwana mpotevu katika Luka 15 alikuwa ameshatunga maneno ya kuungama, lakini baba alimwona angali mbali akamkimbilia, na maneno yale hakuyamaliza. Wanateolojia huenda mbele zaidi wakasema hata yale majuto yaliyomtoa mtu wetu nyumbani asubuhi ile yalikuwa zawadi, neema iliyomtangulia. Waumini wengi hupanga kinyume: Mungu amenuna, na toba ni kumbembeleza mpaka alainike. Mungu wa namna hiyo tunamfahamu, ni yule bosi wa ofisini. Injili haimjui.

Jibu la swali la pili ndilo linalowachanganya watu, na mara nyingine huwachanganya hata makatekista.

Katika mafundisho ya Kikatoliki, kama yalivyopangwa kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1551, mtubu ana mambo matatu ya kufanya: kujuta, kuungama na kutimiza malipizi. Padre anafanya moja, kuondolea. Majuto yenyewe yana ngazi. Yako majuto kamili, mtu anapochukia dhambi kwa kumpenda Mungu, na yako majuto pungufu, anapoichukia kwa kuogopa moto au kwa kuona ubaya wake. Ndani ya kitubio hata haya pungufu yanatosha. Napenda kanuni hiyo kwa sababu haimdai mtu wa Rangwi awe mtakatifu kabla hajapiga magoti.

Malipizi ni zile sala au tendo jema analopewa: Salamu Maria kadhaa, kufunga, kumtembelea mgonjwa. Watu huyaona kama tozo. Hayo ni dawa ya jeraha ambalo dhambi imeliacha ndani ya mtubu mwenyewe, na padre anaweza kuyapunguza au kuyabadilisha akiona hayamfai.

Shamba haliingii kwenye malipizi. Kurudisha mali ya mtu ni suala la haki, na hapo padre hana cha kupunguza. Dhambi ya wizi ina pande mbili: amemkosea Mungu na amemkosea mjane. Upande wa Mungu unasamehewa kwa jina la Mungu pale kwenye kiti cha maungamo. Deni la mjane ni la mjane. Padre hawezi kulifuta, askofu hawezi, na Papa akija Rangwi kwa miguu hawezi pia, kwa sababu si lao. Atakachofanya padre ni kumuuliza kama yuko tayari kurudisha. Akisema yuko tayari na anamaanisha, anaondolewa dhambi siku hiyo hiyo, hata kabla hajashika jembe. Akisema hapana, basi hajajuta, na maondoleo hayana pa kushika. Torati ilikuwa kali zaidi: katika Hesabu sura ya 5, aliyedhulumu huungama, hurudisha alichochukua na huongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo aliahidi mara nne.

Siri ya maungamo ndiyo inayoifanya kesi hii iwe ngumu. Padre akiivunja waziwazi anatengwa na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo huondolewa na Kiti cha Kitume peke yake. Hawezi kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Wiki ijayo akikutana na jamaa njiani hawezi hata kumuuliza amefikia wapi, labda mwenyewe alianzishe. Kama angeiba fedha, kulikuwa na njia ya zamani inayotumika hadi leo: padre hupokea bahasha akaifikisha kwa mwenyewe bila kutaja ilikotoka. Masale hayaingii kwenye bahasha. Yakirudi hatua tatu kupanda, kijiji kizima kitasoma.

Tumhamishie sasa Mlalo, awe Mlutheri. Wengi wa ndugu zetu Walutheri wanaamini kuungama mbele ya mtu ni mambo ya Roma. Hati yao wenyewe, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, inasema maungamo ya faragha yadumishwe, na Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 ina mafundisho ya namna ya kuungama mbele ya mchungaji. Tofauti iko kwenye hesabu. Luther alihesabu mambo mawili katika toba: majuto, na imani inayoshika neno la msamaha. Matendo hufuata kama matunda. Akayaondoa malipizi kwenye orodha kwa sababu alikuwa ameona yanavyogeuka biashara. Ugomvi wa mwaka 1517 ulianza na vyeti vya rehema vilivyouzwa kwa fedha taslimu. Ilichukua karne karibu tano, hadi tarehe 31 Oktoba 1999, ndipo Wakatoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walipotia sahihi mjini Augsburg tamko la pamoja kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani, na si kwa mastahili yake. Mtu wetu, akiwa Mlutheri au Mkatoliki, anarudisha shamba kwa sababu amesamehewa. Hakuna anayemwambia arudishe ili asamehewe.

Ila Mlalo kuna kitu ambacho foleni ya kitubio haina. Dhambi ikijulikana, Mlutheri huwekwa chini ya marudi: hashiriki Chakula cha Bwana mpaka atubu na arudishwe kundini mbele ya usharika. Vijana huliona kama jambo la wamisionari wa Kijerumani na ukali wao. Mizizi yake ni mirefu kuliko Ujerumani. Katika karne za kwanza, Kanisa lote lilitubisha hadharani. Mwasi, mzinzi au muuaji aliandikwa katika kundi la watubu, akatengwa na meza kwa miaka, na Roma walikuwa wakiwarudisha siku ya Alhamisi Kuu. Nafasi hiyo mtu aliipata mara moja tu maishani. Ni watawa wa Ireland, kuanzia karne ya 6, walioeneza maungamo ya siri yanayorudiwa kila mtu anapoanguka, na mwaka 1215 Mtaguso wa Laterano ukawaagiza waumini waungame walau mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo msharika wa Mlalo aliyeketi nyuma wakati wenzake wanaikaribia meza anafanya jambo ambalo Agustino angelitambua mara moja.

Nayatetea marudi kwa jambo moja: yana mwisho unaoonekana. Siku mtu anaporudishwa, waliomsema wanampa mkono mbele ya madhabahu, na aliyekuwa akinong'ona kisimani anakosa la kunong'ona. Mkatoliki aliyesamehewa kwa siri anaweza kuishi miaka na jina baya ambalo Mungu ameshalifuta na majirani hawana habari.

Sitetei yanavyotumika mara nyingi. Binti akipata mimba, ushahidi anatembea nao, basi anawekwa chini ya marudi. Kijana aliyempa mimba anaimba kwaya. Msogeza mpaka naye, kwa sababu hakuna aliyemshuhudia au kwa sababu ni mzee wa kanisa, anapitisha kikapu cha sadaka. Marudi yakiwaangukia wale tu ambao miili yao inasema, yamekuwa kipimo cha nani hakuweza kujificha. Na pale mtu anapoambiwa amalize kwanza ahadi zake za michango ndipo arudishwe kundini, tumerudi 1517, tofauti ni stakabadhi tu.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika Tanganyika kupitia Bukoba, ulijaribu njia nyingine. Wafuasi wake, walokole, waliungama mbele ya wenzao, wakitaja dhambi kwa jina, kisha wakaondoka kwenda kulipa. Waliopora walirudisha, waliokopa walilipa, na waajiri waliletewa vitu ambavyo hata hawakujua vimepotea. Maungamo yale ya hadharani yalikuwa na kasoro zake, maana yapo mambo ambayo kuyasema mbele ya watu ni kumwumiza mtu wa tatu asiyekuwapo. Kwenye kulipa, hata hivyo, walokole walikuwa sahihi kuliko wengi wetu.

Niseme kidogo juu ya dhana inayoambatana na haya yote, kwamba anayeteseka anatumikia adhabu ya dhambi. Mjane alifiwa, basi kuna kitu. Mtoto ana kifafa, basi wazazi walifanya jambo. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza juu ya kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa vyote viwili. Ukitaka kuona jibu hilo likiwa limejengwa kwa mawe, nenda Lutindi, huku huku Usambara. Kituo kile kilianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, kisha kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Shirika lililokuwa nyuma yake lilihusiana na Bethel ya Friedrich von Bodelschwingh huko Bielefeld, mahali palipojulikana kwa kuwahudumia watu wenye kifafa. Huko mgonjwa hakuulizwa kwanza ametenda dhambi gani.

Hata wasio Wakristo huku milimani hawahitaji kufundishwa kwamba deni la mtu haliishii kwa Mungu. Kwenye maziko, kaburi likiwa bado wazi, msemaji wa familia husimama akatangaza: aliyekuwa akimdai marehemu aje tuonane, na anayedaiwa naye aseme. Sheikh anajua kwa nini lazima itangazwe, padre na mchungaji wanajua pia. Mauti haifuti deni la watu. Mtu wetu amesikia tangazo hilo mara nyingi, nadhani kila mara akiangalia chini.

Amebaki mjane, ambaye mpaka hapa hakuna aliyemuuliza. Je, analazimika kusamehe? Yesu alimwambia Petro asamehe saba mara sabini, na Baba Yetu tunayoisali kila siku inalifunga jambo hilo kwa nguvu. Lakini kusamehe si kusema haikuwa kitu, na si kuacha shamba. Anaweza kusamehe akapeleka shauri baraza la ardhi siku hiyo hiyo, na dhambi hana. Anaweza pia kuchukua muda. Mchungaji au padre anayemharakisha mama huyu ili Pasaka iwe nzuri kwa jamaa anamdhulumu mara ya pili. Aliyeondolewa dhambi na Mungu hana madai juu ya moyo wa aliyemwibia. Anaomba, na anaweza kungoja.

Na kuna viazi. Kwaresima ya mwaka huu imekuta hatua zile tatu zimeshapandwa, na viazi mviringo vinataka miezi mitatu au minne ardhini. Jamaa atauliza, kama wanavyouliza wote: nisubiri nivune kwanza? Wanamaadili wa zamani walilijadili hili kwa kirefu cha kushangaza. Walichosema ni kwamba aliyeshika mali ya mtu akijua si yake haongezewi muda wa kufaidi. Mipaka inarudi sasa, na yaliyoota kwenye udongo wa mama yanahesabiwa kwa mama. Gharama ya mbegu na mbolea anaweza kuomba aikate. Jasho la kupalilia wengine walimhesabia, wengine hawakumhesabia. Ningekuwa padre wake ningemshauri asiitaje mbegu.