Umeme wa Moyo

Mama alipowekewa betri ya moyo hapa London, aliniuliza, "Mwanangu, moyo una umeme wa wapi?"

Basi nikamsimulia habari za Denis Noble, mtoto wa mafundi cherehani wa mji huu huu. Mwaka 1960, akiwa mwanafunzi wa University College, mchana alipima nyuzi za mioyo ya kondoo kutoka machinjioni. Usiku, saa nane hadi saa kumi, wakubwa wamelala, ndipo alipopata zamu ya kompyuta iitwayo Mercury. Akaipa hesabu za chumvi, sodiamu na potasiamu, zinavyopenya utando wa chembe za moyo. Mashine ikatoa pigo baada ya pigo, na moyo wenyewe haumo!

"Chumvi?" Mama akashangaa. "Na daktari amenikataza!"